Moto Uliozima Kila Nilipoondoka

Vijana wa karakana mmenisumbua niandike, basi naandika. Nimestaafu juzi tu, na tayari nimegundua kwamba fundi hastaafu: wiki yangu ya kwanza ya kukaa nyumbani hapa Kilole majirani wameniletea pasi mbili, feni moja, na redio ambayo ilifaa kuzikwa tangu zamani. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo hamtaviamini, na mishahara mtaicheka. Nitaandika kazi yenyewe, na hasa kazi moja iliyonifundisha kunyamaza na kuuliza.

Kwa msomaji asiye wa karakana niseme kwanza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa fundi wa boila na matanuri yanayowaka kwa dizeli. Kiini cha mitambo hiyo ni kichomeo, kifaa kisichozidi ukubwa wa ndoo. Pampu inasukuma dizeli kwenye nozeli, nozeli inaigeuza kuwa ukungu, feni inaleta hewa, cheche inawasha. Mle ndani kuna jicho dogo la kioo linalotazama moto. Jicho lisipouona moto, kila kitu kinazimika na kitufe chekundu kinaruka nje. Kukirudisha ndani ni kazi ya kidole kimoja, na hapo ndipo balaa nyingi zinapoanzia, maana kila mtu ana kidole.

Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge akiwa kijana, akamwoa mama yangu, Mzigua wa Handeni. Nyumbani kwetu Pasaka ilikuwa yetu na Idi ilikuwa yetu, na sikumbuki mtu aliyelalamika, pilau ni pilau. Mimi nikabatizwa Perpetua, nikakulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, na nilipomaliza shule nikaomba kazi kwenye karakana ya shamba hilohilo.

Siku ya kwanza mlinzi wa getini alinielekeza jikoni. Nikamwambia nimekuja karakana. Akasema karakana hawapiki. Ilibidi Mzee Mhina, fundi mkuu, atoke mwenyewe na mikono yake ya grisi kuja kunichukua. Hakunikaribisha kwa maneno mengi. Alinipa nozeli mbili, moja nzima na moja iliyochokonolewa kwa waya na mtu mwenye haraka, akaniambia nizitazame kwenye mwanga wa dirisha mpaka nimweleze tofauti. Nilizitazama mpaka saa sita mchana. Tundu la nozeli ni dogo kiasi kwamba mkwaruzo wa waya huwezi kuuona, unaubahatisha tu kwa namna mwanga unavyokatika. Nilipomwambia, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Sasa hutachokonoa kwa waya maisha yako yote." Na kweli sijachokonoa.

Mzee Mhina alikuwa na utaratibu wake, nao ndio niliowafundisha ninyi: mafuta, hewa, cheche, kwa mpangilio huo, bila kuruka. Alikuwa akigusa masizi ya dohani na kuyanusa kama mpishi anayenusa mchuzi. Masizi makavu ya kijivu, anasema mtambo uko salama. Masizi meusi yenye mafuta, anavua saa ya mkononi na kukunja mikono ya shati, na hapo unajua leo mtachelewa kula.

Shamba lilipopunguza watu, nilizunguka na begi langu. Nimefanya kazi kwenye hospitali, kwenye viwanda vya chai kule juu Bungu, na kwenye matanuri ya mikate mpaka Handeni. Kila nilikofika walinitazama, wakatazama nyuma yangu, wakauliza, "Fundi mwenyewe anakuja?" Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikawa najibu, "Yuko njiani, mimi nimetangulia kutengeneza," kisha nafungua begi.

Pale Handeni kulikuwa na mwoka mikate ambaye tanuri lake lilikuwa linazima kila baada ya mvua. Alikwisha kumshuku jirani yake, mwoka mikate mwenzake, na walikuwa hawasalimiani. Nilimkuta ameshaniandalia orodha ya maovu ya yule jirani. Nikamwomba kwanza anionyeshe pipa la dizeli. Lilikuwa limesimama wima uani, mvua inajaa juu ya kifuniko, na usiku pipa likipoa linayavuta maji ndani kidogo kidogo. Nikafungua koki ya chini ya chujio, yakatoka maji safi kabisa, kikombe kizima. Nikamwambia alilaze pipa na alijengee kibanda. Alifanya hivyo, tanuri likatulia, ila yeye hakumsamehe jirani yake, maana alishazoea kumchukia.

Kazi za namna hiyo zinampa mtu kiburi. Unafika, unatazama, unaonyesha kidole, watu wanasema ahaa. Nilikuwa na kiburi hicho siku nilipoitwa Vugiri.

Aliyenipigia simu ni Mwalimu Shemdoe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Yeye na marehemu mumewe walinunua nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la chai, nyumba ya mawe yenye mabomba ya chuma ukutani. Boila lilikuwa kwenye chumba kidogo kilichounganishwa na nyumba kwa nyuma, linachemsha maji na kuyazungusha kwenye mabomba yale mpaka vyumba vinapata joto. Kwa miaka mingi walikuwa wanaliwasha kwa nadra, mgeni mkubwa akija. Lakini mwaka ule binti yake, Neema, alijifungua mtoto njiti. Hospitali walimruhusu baada ya wiki kadhaa, wakamwambia mtoto akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na chumba kiwe na joto. Neema akaja kwa mama yake kumalizia uzazi, kama ilivyo kawaida. Ilikuwa mwezi wa sita. Mnaoijua Vugiri mwezi wa sita mnajua ukungu unaingia mpaka kabatini.

"Boila linawaka saa moja, linazima," Mwalimu aliniambia. "Na mimi mtoto wangu hana nyama ya kustahimili baridi. Njoo, mwanangu."

Nilipanda na bodaboda. Aliyekuwa analitunza boila ni Mzee Salimu, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, aliyefanya kazi kwenye nyumba ile tangu enzi za meneja. Nikamsalimu shikamoo, akaniitikia marahaba mama fundi, akanifungulia mlango wa chumba cha boila mpaka mwisho, akauwekea jiwe usifunge, kisha akatoka nje na kukaa kizingitini akinipa mgongo. Nikielekeza kitu anageuka nusu, anajibu, anarudi kutazama migomba. Nilimwelewa mara moja. Mzee Salimu ni mtu wa swala tano, na hakuwa mtu wa kujifungia chumbani na mke wa mtu, hata kama mke wa mtu ana spana mkononi. Kwa kweli nilimpenda kwa hilo. Kuna wenye boila wengine ambao nilitamani wangekaa kizingitini.

Nikafuata utaratibu. Mafuta: safi, pipa limelazwa, chujio nikalibadilisha. Hewa: feni inazunguka vizuri, moto mweupe wa manjano, umetulia, wa kupendeza. Cheche: kali. Jicho lilikuwa na masizi, nikalipangusa. Boila likawaka. Nikakaa saa mbili nikilitazama kwa kioo changu kidogo, nikinywa chai ya tangawizi ya Mwalimu, na halikutikisika. Kwenye daftari langu nikaandika: tatizo limekwisha.

Sijafika hata nyumbani, simu. Limezima.

Nikapanda tena baada ya siku mbili. Mzee Salimu akafungua mlango, akaweka jiwe, akakaa kizingitini. Nikabadilisha nozeli, nikapima pampu, nikapangusa jicho ambalo lilikuwa jeusi tena. Likawaka asubuhi mpaka alasiri bila kosa. Mwalimu alikuja kusimama mlangoni na kusema, "Linakuogopa wewe." Tukacheka. Neema alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa na shuka limetundikwa juu yake kuzuia upepo, sikuingia.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa kutojua. Nilikosea kwa kuchoka. Safari ya kupanda mlima ilikuwa imenichosha, na mgongo wangu haukuwa tena wa kijana. Kwa hiyo nilimwita Mzee Salimu, nikamwonyesha jinsi ya kulitoa lile jicho, nikampa kipande cha kitambaa laini, nikamwambia, "Mzee, likizima, pangusa hapa, rudisha, bonyeza chekundu mara moja. Litawaka." Alijifunza haraka kuliko baadhi yenu. Nikashuka mlima nimefurahi. Kwenye daftari nikaandika tena maneno yaleyale.

Wiki ikapita bila simu. Halafu siku ya Alhamisi Mwalimu akanipigia, kunishukuru.

"Joto tunalo, mwanangu, Mungu akubariki. Salimu anapangusa hilo jicho mara tatu mara nne kwa siku, linawaka tu."

"Mara nne kwa siku?"

"Eee. Hachoki."

"Na mzazi hajambo?"

"Ana kichwa. Kinamgonga kila siku, na anatapika asubuhi. Nasema ni uzazi tu. Mtoto ndiyo mpole mno, analala tu, mpaka tumwamshe anyonye."

Nilimjibu kwamba nitapita kesho, nikakata simu, na nikabaki nimesimama jikoni kwangu. Jicho halipaswi kuwa jeusi kwa siku moja. Halipaswi kuwa jeusi kwa mwezi. Jicho likijaa masizi upesi hivyo, moto unaungua vibaya, na moto unaoungua vibaya unatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu. Haya nilikuwa nayajua. Mzee Mhina alinifundisha kabla sijaota mvi hata moja. Lakini mimi nilikuwa nimeuona moto ule kwa macho yangu, saa nyingi, mweupe na safi. Nikajiambia labda nimechanganya mambo. Nikampigia tena Mwalimu, nikamwambia wazime boila mpaka nifike. Akasema sawa. Baadaye nilikuja kujua hakumwambia Salimu. Ukungu ulikuwa mzito siku ile, na nani angemnyima mtoto njiti joto kwa sababu ya wasiwasi wa fundi?

Ijumaa nilichelewa kupata bodaboda, na nilifika Vugiri watu wako msikitini. Nilizunguka nyuma ya nyumba moja kwa moja. Mzee Salimu hayupo. Mlango wa chumba cha boila umefungwa, na kwa ndani nasikia kichomeo kinanguruma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mlango ule umefungwa huku moto unawaka.

Nikaufungua. Joto likanipiga usoni pamoja na harufu nzito ya mafuta. Nikachungulia moto kwa kioo changu. Ulikuwa mwekundu wa giza, mrefu, unalamba ovyo kama moto wa kuni mbichi. Na nikiwa nimesimama pale, mlango wazi nyuma yangu, ukaanza kubadilika. Ukapanda rangi ya chungwa, ukafupika, ukawa wa manjano, ukatulia. Ndani ya dakika moja ulikuwa ule moto wangu wa kupendeza.

Nikainua macho kwenye matundu ya hewa yaliyoko juu ya ukuta. Yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa magunia, yamesokotwa na kusukumizwa vizuri, kazi ya mtu mwangalifu. Na ukuta wa ndani, pale mabomba yanapopita kuelekea vyumbani, kulikuwa na upenyo wa kuingia mkono, umezungukwa na weusi. Nyuma ya ukuta ule ndiko alikolala Neema.

Nilizima swichi kubwa nikakimbia. Mwalimu nilimkuta sebuleni anachambua maharage. Sikumsalimu. Nikalisukuma lile shuka, nikaufungua mlango wa chumba. Kulikuwa na joto zuri sana mle ndani, joto la kumfanya mtu atamani kulala. Neema alikuwa ameegemea mto, macho nusu, mtoto kifuani ndani ya khanga. Nikamwita jina. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni nani. Nikafungua dirisha, nikamchukua mtoto kifuani pake, nikageuka kutoka.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake imeshika miimo yote miwili.

"Unampeleka wapi?"

"Nje, Mwalimu. Nipishe."

"Hajatimiza arobaini! Nje kuna ukungu! Perpetua, umerogwa? Utaniulia mtoto!"

"Hewa ya humu ndiyo inayomuua. Nipishe, mama yangu, nakuomba."

Hakunipisha. Sikuwa na muda wa kumweleza habari za moto na masizi. Nikamwekea mtoto mikononi mwake. Kichwa cha mtoto kililala upande, mkono wake mdogo ukaning'inia. "Mwamshe," nilimwambia. "Ukiweza kumwamsha, nitaondoka."

Alimpapasa shavu. Akamwita. Akamtikisa kidogo, kisha akamtikisa zaidi. Nikaona uso wake unabadilika. Akageuka yeye mwenyewe, akakimbia na mjukuu wake mpaka katikati ya ua, miguu mitupu, kwenye ukungu ule aliokuwa anamficha nao kwa wiki nzima. Mimi nikamshika Neema kwapani, nikamkokota hadi barazani. Miguu yake haikumbeba.

Sijui tulikaa pale muda gani. Mwalimu alikuwa amemweka mtoto ndani ya gauni lake, kifuani, uso peke yake ndio uko nje, naye anampulizia maneno ya Kishambaa ambayo sikuyashika yote. Nilikuwa naogopa kumtazama. Nilikuwa nafikiria kile kitambaa laini. Jicho lilikuwa linapiga kelele mara nne kwa siku kwamba kuna hatari, na mimi ndiye niliyemfundisha mtu namna ya kulinyamazisha.

Halafu mtoto akapiga chafya. Chafya ndogo tu, kama ya paka. Akakunja uso, akalia kwa sauti nyembamba, na Mwalimu akakaa chini palepale kwenye majani mabichi.

Jirani mwenye gari ndogo ya mizigo akawachukua wote watatu kwenda hospitali. Nikabaki peke yangu uani. Nilipanda juu ya kiti, nikaanza kuchomoa magunia, na hapo ndipo Mzee Salimu aliporudi kutoka msikitini, amevaa kanzu yake nyeupe.

"Mama fundi, mbona unayatoa? Nimeyaweka mimi. Upepo ulikuwa unaingia, nikasema mtoto atapata baridi."

Nilishuka kwenye kiti. Ningependa niwaambie kwamba nilimweleza kwa hekima. Nilimweleza vibaya, huku nalia. Nilimwambia moto unahitaji hewa kama sisi, na kwamba kila nilipokuja yeye alikuwa ananifungulia mlango kwa heshima na moto ukapumua, na nikiondoka anaufunga. Nilimwambia mtoto amepelekwa hospitali. Alisikiliza mpaka mwisho akitazama chini.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Magunia uliweka wewe, Mzee. Kitambaa nilikupa mimi. Na sikukuuliza hata mara moja chumba hiki kinakuwaje nikiwa sipo."

Alinyoosha mkono, akasema, "Niazime bisibisi."

Nikampa. Akaenda kwenye mlango, akaanza kufungua skrubu za bawaba, moja baada ya moja. Zilikuwa na kutu ya miaka mingi na nilitaka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Kanzu yake ilikuwa inashika masizi na hakujali. Alikuwa amemaliza bawaba ya juu na ameinama kwenye ya chini simu yangu ilipolia. Ilikuwa Mwalimu. Nikaweka sauti kubwa ili naye asikie.

"Wamewawekea hewa ya mtungi," alisema Mwalimu. "Neema anaongea. Mtoto amelia mwenyewe, akatafuta ziwa mwenyewe. Ananyonya, Perpetua. Ananyonya mpaka anapaliwa."

Mzee Salimu alisimamisha mkono, akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, akaendelea na skrubu iliyobaki. Ilipotoka, akauinua mlango mzima, akaujitwika kichwani, akateremka nao kwenye njia ya kwenda kwake, kanzu imechafuka mgongo mzima. Bisibisi yangu aliondoka nayo mfukoni, na sikumwita.